Kitini cha kampeni cha shilingi 450: wanasiasa waligeukaje kuhusu ndoa za jinsia moja?

Kitini hiki kinauzwa mjini Mombasa, katika maduka ya fotokopi ya Digo Road na mitaa ya karibu na Marikiti. Wanunuzi wake wengi ni vijana wanaojipanga kusimamia kampeni za wadi kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Kina kurasa 72 na sura sita, ukubwa wa daftari dogo, kimefungwa kwa waya. Nakala ya rangi ni shilingi 700, ya nyeusi na nyeupe 450. Mada yake ni moja: kwa nini wanasiasa wa Marekani na nchi nyingine za Magharibi walibadili msimamo kuhusu ndoa za jinsia moja, na hesabu gani za kura zilikuwa nyuma ya mabadiliko hayo. Hakimwambii msomaji aziunge mkono ndoa hizo wala azipinge. Kinazungumzia kura tu, na mapitio haya nayo yatabaki hapo hapo.

Sura ya pili na ya nne peke yake zinarudisha pesa ya kitini. Sura ya tano ina kosa la hesabu ambalo msimamizi wa kampeni akilifuata litampotezea kura bila yeye kujua zimepotelea wapi. Ya sita, ile ya Kenya, ni ya kuandikwa upya.

Kama unanunua, nunua ya rangi. Ukurasa wa 27 una grafu ya kura za maoni za kampuni ya utafiti ya Gallup kuhusu ndoa hizo nchini Marekani. Mstari wa buluu ni wa wanaokubali, mwekundu ni wa wanaokataa. Katika nakala ya shilingi 450 mistari yote miwili imekuwa kijivu kimoja, na inapokatana, mwaka 2011, huwezi kujua upi umepanda na upi umeshuka. Hoja yote ya sura imesimama pale inapokatana. Anayelazimika kuchukua ya bei ya chini aandike kwa kalamu pembeni: waliokubali walikuwa asilimia 27 mwaka 1996, 53 mwaka 2011, 60 mwaka 2015 na 71 mwaka 2023.

Sura ya kwanza inaweza kurukwa. Inadai mwanasiasa hufuata wengi: wengi wakihama, naye huhama. Ni maelezo ya barazani, na kitini chenyewe kinayabomoa kurasa chache mbele. Mwaka 1996, Wamarekani wanaokubali wakiwa robo na kidogo, Barack Obama alijibu kwa maandishi dodoso la gazeti moja la Chicago kwamba anaunga mkono kuhalalishwa kwa ndoa hizo na angepigana na juhudi za kuzipiga marufuku. Angekuwa mfuata wengi asingejibu vile.

Hapo ndipo sura ya pili inapopata nguvu. Mwandishi amepanga maneno ya Obama kwa miaka, na pembeni ya kila mwaka akaandika nani walikuwa wapigakura wake wakati huo. Safu hiyo ya pembeni ndiyo utakayorudi kuisoma. Mwaka 1996 alikuwa akigombea useneta wa jimbo la Illinois kutoka eneo la Hyde Park, Chicago, mtaa wa chuo kikuu na wa watu wa siasa za mrengo wa kushoto. Akakubali. Mwaka 1998, kwenye dodoso jingine, akajibu kwamba hajaamua. Mwaka 2004 aligombea Seneti ya taifa, na wapigakura wake sasa wakawa Illinois nzima, pamoja na mashamba ya kusini na makanisa yake. Msimamo wake ukawa kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na wapenzi wa jinsia moja wapewe muungano wa kisheria usioitwa ndoa. Agosti 2008, mbele ya mchungaji Rick Warren huko California, alirudia hilo akaongeza kwamba kwake, akiwa Mkristo, ni muungano mtakatifu. Novemba mwaka huo California yenyewe ikapitisha marufuku kwa kama asilimia 52, siku ile ile aliyochaguliwa yeye.

Kilichombadilisha kutoka 1996 hadi 2008 ni mipaka ya eneo lake la uchaguzi, si maoni ya wananchi. David Axelrod, mshauri wake mkuu, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 2015 kwamba upinzani ulikuwa mkali katika makanisa ya Wamarekani weusi, na kwamba Obama alikubali shingo upande ushauri wa kutokuweka wazi alichoamini. Anayemwandaa mwakilishi wa wadi kugombea ubunge, au mbunge kugombea ugavana, aisome safu hiyo ya pembeni mara mbili. Mvita ni moja ya maeneo bunge sita ya kaunti ya Mombasa. Kauli iliyopendwa Mji wa Kale itabebwa hadi Jomvu na Changamwe, na huko haitapokewa vile vile.

Sehemu ya Obama kurudi kwenye kukubali imeelezwa vizuri zaidi. Kitini kinaonyesha ngazi, kila kipande kikimpa mtu fulani kitu kabla neno ndoa halijatamkwa. Oktoba 2010 alisema mtazamo wake unaendelea kubadilika, kauli isiyomfunga upande wowote. Desemba 2010 akasaini sheria ya kuondoa katazo la wanajeshi wapenzi wa jinsia moja kujitambulisha waziwazi. Februari 2011 serikali yake ikatangaza kwamba haitaendelea kuitetea mahakamani sheria ya mwaka 1996 iliyoifanya serikali kuu isizitambue ndoa hizo. Mei 2012 yakaja matangazo yenyewe, na kitini kinaorodhesha siku kwa siku: Jumapili tarehe 6, makamu wake Joe Biden anasema kwenye televisheni kwamba hana tatizo lolote na ndoa hizo, Jumanne tarehe 8, North Carolina inapitisha marufuku kwa kama asilimia 61, Jumatano tarehe 9, Obama anamwambia mtangazaji Robin Roberts wa televisheni ya ABC kwamba anaziunga mkono.

Mwandishi anamwona Biden kama mtu aliyetumwa kupima kina cha maji. Inavutia, lakini hatukubaliani naye. Washauri wa Obama walikuwa wamepanga atangaze kabla ya mkutano mkuu wa chama mwezi Septemba, tena mkutano wenyewe ulikuwa Charlotte, huko huko North Carolina. Biden aliwaharibia ratiba. Uzuri wa mkakati wao ulikuwa kwamba ngazi zote za chini zilikuwa zimeshapandwa, kwa hiyo hata ratiba ilipovurugika zilibaki siku tatu tu za fedheha. Kampeni isiyo na ngazi, mgombea mwenza akiropoka, huchukua wiki nzima kukanusha na kukanusha ilichokanusha.

Sura ya tatu ina grafu ile, maelezo mafupi ya namna ya kusoma kura za maoni, na pengo kubwa. Pengo ni Bill Clinton, ambaye hatajwi. Huwezi kufundisha mada hii ukamwacha rais aliyesaini sheria ile ya kutozitambua ndoa hizo usiku wa manane, tarehe 21 Septemba 1996, bila hafla wala kamera, wiki chache kabla ya uchaguzi wake. Bunge lilikuwa limeipitisha kwa kura 342 dhidi ya 67, Seneti 85 dhidi ya 14, kwa hiyo hata angeipinga ingepita. Usiku wa manane ulikuwa wa kuwatuliza marafiki zake wa mrengo wa kushoto. Kisha kampeni yake ikapeleka matangazo kwenye redio za Kikristo kujisifia kwamba amesaini, na matangazo hayo yakaondolewa baada ya malalamiko. Watu wawili waliambiwa mambo mawili, na kila mmoja akamsikia mwenzake. Machi 2013 Clinton aliandika gazetini kwamba sheria ile inakiuka katiba. Wakati huo hakuwa na uchaguzi wa kugombea, ila mkewe alikuwa na wa 2016 mbele yake, naye alitangaza mabadiliko yake mwezi huo huo.

Juu ya George W. Bush mwaka 2004 kitini kimekosea kwa namna ya kawaida. Kinasema kura za marufuku zilizofanyika siku ya uchaguzi katika majimbo 11, zote zikapita, ndizo zilizompa Bush Ohio na hivyo urais. Watafiti wengi wa siasa walioangalia matokeo hawaungi mkono hilo: kura za Bush ziliongezeka pia katika majimbo yasiyokuwa na marufuku kwenye karatasi. Ohio aliishinda kwa kama kura 118,000, na vita na ugaidi vilikuwa na uzito wao. Somo lililo salama ni dogo zaidi. Suala la namna hii humtoa nyumbani mpigakura wako aliyelala, ila usilihesabie kuwageuza wa mpinzani.

Maelezo ya kura za maoni ni sahihi hadi pale mwandishi anapowagawa waliohojiwa. Uchunguzi wa watu 1,000 una kiwango cha makosa cha asilimia 3 hivi, juu au chini. Kitini kinachukua uchunguzi huo, kinawatoa Wamarekani weusi waliomo, kisha kinasema maoni yao yalipanda kwa pointi saba baada ya tangazo la Obama. Ndani ya watu 1,000 kundi hilo ni kama watu 120, na kwa watu 120 kiwango cha makosa kinafika asilimia 9. Pointi saba hapo hazisemi kitu. Mtu anayehoji watu 400 Mombasa nzima, kisha akatoa hukumu juu ya Likoni peke yake, anaingia shimo hilo hilo. Kaunti ina maeneo bunge sita, kwa hiyo Likoni atakuwa na watu 65 hivi, na makosa ya asilimia 12.

Sura ya nne haina shida kubwa na inasomeka kwa kasi. David Cameron, waziri mkuu wa Uingereza, mwaka 2011 aliuambia mkutano wa chama chake kwamba anaunga mkono ndoa hizo kwa sababu yeye ni mhafidhina, si licha ya kuwa mhafidhina. Februari 2013 muswada ulipita hatua ya pili kwa kura 400 dhidi ya 175, lakini wabunge wa chama chake waliokataa walikuwa wengi kuliko waliokubali. Kitini kinauliza swali linalofaa: wenye hasira walikimbilia wapi? Wengine walikwenda chama cha mrengo wa kulia cha UKIP, kilichopata asilimia 12.6 ya kura mwaka 2015. Kwa mfumo wa Uingereza wa mshindi wa eneo, kura hizo zilizaa kiti kimoja tu, na Cameron akapata wingi wa viti. Chini ya mfumo wa uwiano hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Ujerumani ndiko kwenye ufundi. Katikati ya mwaka 2017 vyama vyote ambavyo kansela Angela Merkel angeweza kuunda navyo serikali vilikuwa vimeifanya ndoa hiyo kuwa sharti. Jumatatu tarehe 26 Juni, kwenye mazungumzo ya jukwaani, akasema angependa wabunge wapige kura kwa dhamiri zao. Ijumaa tarehe 30 ikapigwa, ikapita, na wabunge 75 wa kambi yake wakiwa upande wa ndiyo. Yeye mwenyewe alipiga hapana. Uchaguzi ukaja Septemba bila suala hilo mezani. Wahafidhina wana kura yake ya hapana mkononi, wengine wana sheria. Wanaofundisha kampeni wanapaswa kuanza na siku hizo tano kabla ya Obama.

Kevin Rudd wa Australia, kwa upande mwingine, amewekwa kama mfano wa mafanikio. Si kweli. Aligeuka Mei 2013, akarudi kuwa waziri mkuu Juni, akashindwa na Tony Abbott Septemba. Ndoa zilihalalishwa Desemba 2017 chini ya serikali ya chama pinzani, baada ya kura ya posta iliyopata asilimia 61.6 ya ndiyo. Kugeuka kwa usahihi hakumpi mtu ushindi kama uchumi, chama na sura yake vimeshachosha watu.

Sasa sura ya tano, jedwali la gharama ya kugeuka. Kwa muundo ni kifaa kizuri. Unaandika kila kundi, idadi ya walioandikishwa, asilimia wanaojitokeza, asilimia ambao suala hili peke yake linaamua kura yao, na mwisho asilimia yao walio na pa kukimbilia. Unazidisha safu zote. Mfano wa kitini ni wadi ya wapigakura 20,000. Wanaopinga badiliko ni 6,000. Wanajitokeza asilimia 70, yaani 4,200. Suala linaamua kwa asilimia 10 yao, 420. Nusu wana pa kwenda, 210. Wanaotaka badiliko ni 4,000; wanajitokeza nusu, 2,000; suala linaamua kwa robo, 500; asilimia 40 kati yao wangekuacha ukibaki ulipo, 200. Kitini kinatoa 200 kwenye 210 na kusema hasara ni kura 10, kwa hiyo geuka, maana fedha za wafadhili zitafidia.

Kosa liko kwenye kutoa. Mpigakura anayehamia kwa mpinzani anakupunguzia moja na kumwongezea mwenzako moja: pengo linasogea kwa mbili. Anayebaki nyumbani analisogeza kwa moja. Wale 210 wakihamia kwa mpinzani, pengo ni 420. Wale 200 wa upande wa pili, kama wengi wao ni vijana ambao wangebaki tu nyumbani, ni 200. Hasara halisi ni kura 220, na kuna wadi zinazoamuliwa kwa chini ya hapo. Mwalimu wa darasa la Jumamosi linalouzwa pamoja na kitini, saa tatu kwa shilingi 1,000 kwenye ukumbi mdogo wa Tononoka, hurekebisha jambo hili kwa mdomo. Kitini kinaendelea kuchapishwa vile vile.

Rekebisha jedwali, kisha liweke juu ya Obama wa 2012, nalo linafanya kazi ambayo sura ya pili haikuifikisha mwisho. Waumini weusi wasiopenda tangazo lake hawakuwa na pa kukimbilia: Mitt Romney, mpinzani wake, alipinga ndoa hizo, lakini kwa mengine yote hakuwa mtu wao. Hatari ilikuwa wabaki nyumbani, yaani kusogeza pengo kwa moja badala ya mbili. Hawakubaki. Kwa takwimu za ofisi ya sensa ya Marekani, asilimia 66.2 ya weusi wenye haki ya kupiga kura walijitokeza, dhidi ya 64.1 ya weupe wasio wa asili ya Kilatino. North Carolina aliipoteza, akashinda kwa kura za wajumbe wanaomchagua rais, 332 dhidi ya 206.

Sura ya sita inachukua ngazi ya Obama na kuipachika Kenya, kana kwamba tofauti ni muda tu. Ibara ya 45(2) ya Katiba inasema mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Ibara hiyo imo kwenye sura ya haki, na kwa ibara ya 255 kuibadilisha kunahitaji kura ya uamuzi ya wananchi (referenda) ambayo angalau asilimia 20 ya walioandikishwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti. Hakuna mwanasiasa wa Mombasa mwenye sababu ya kura ya kukaribia huko, na hakuna anayefanya hivyo. Hapa suala haligawi wagombea. Februari 2023 Mahakama ya Juu ilipoamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja lina haki ya kusajiliwa, wanasiasa wa serikali na wa upinzani walilaani kwa sauti moja, ingawa uamuzi haukugusa ndoa. Wote wakisema kitu kimoja, hakuna kura inayohama. Mgombea anayelipandisha jukwaani mara nyingi anakwepa kuulizwa habari ya maji na taka.

Mwandishi angechukua mfano uliopo mlangoni: mizigo ya bandari. Serikali ya Jubilee, William Ruto akiwa naibu rais, ndiyo iliyosukuma makontena kutoka Kilindini kwa treni ya SGR kwenda bara, na Mombasa ikaandamana. Kwenye kampeni za 2022 Ruto akaahidi kurudisha shughuli hizo bandarini, na siku ya kuapishwa, tarehe 13 Septemba, akatangaza. Jedwali linaeleza yote: mawakala wa forodha, madereva wa malori na wenye bohari wana suala linaloamua kura zao, wakati wakazi wa Naivasha, kulikokuwa kukipelekwa sehemu ya makontena hayo, walioumia ni wachache. Pia linaeleza ukomo wake, maana kura za urais Mombasa zilimwendea Raila Odinga hata hivyo.

Masahihisho ya kuandika kwenye nakala yako: ukurasa wa 31 kura za bunge la Ujerumani zimechapishwa 339, sahihi ni 393 dhidi ya 226. Ukurasa wa 38 umeweka uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani uliohalalisha ndoa hizo nchi nzima mwaka 2013. Ule wa 2013 ulifuta sehemu ya sheria ya Clinton, na wa nchi nzima ulitoka tarehe 26 Juni 2015, majaji watano kwa wanne. Ukurasa wa 55 safu ya mwisho ya jedwali haina kichwa. Andika "mara mbili kwa anayehamia kwa mpinzani, mara moja kwa anayebaki nyumbani".